Jiko la kuni, tangi la maji moto, na bomba lisilotakiwa kuzibwa

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Njombe, pembeni kidogo ya mji, kwenye nyumba ya zamani iliyojengwa miaka ya 1950. Jikoni kuna jiko kubwa la chuma la kuni lenye oveni, na nyuma ya moto kuna boila. Boila hilo linapasha maji ya tangi la lita 100 lililoko darini juu ya bafu. Tumeoga maji hayo tangu tuhamie, lakini sasa asubuhi yanatoka mekundu kama chai, na moto ukikolea tunasikia jiko likigonga kwa nyuma. Mwaka jana tuliinua tangi la nje la maji baridi, tukalipandisha kwenye mnara mrefu zaidi ili shawa ipate nguvu. Tangu hapo kuna bomba moja linalotokeza juu ya bati ambalo jioni, tangi likiwa limejaa, humwaga maji moto. Sasa tunataka kuongeza vyumba viwili vya wageni. Fundi ameshauri tuweke tangi la lita 300, abadilishe mabomba yote yawe ya plastiki aina ya PPR, aweke pampu ya presha, na lile bomba la juu ya bati alifunge koki ili tusipoteze maji moto. Tukiweka sola ya kupasha maji, fundi anasema ataiunga hapo hapo. Mume wangu anaona tuachane na kuni, tufunge hita za umeme bafuni. Mama mkwe, ambaye ndiye anayewasha jiko kila siku saa kumi na moja alfajiri, hataki liguswe kabisa. Tumsikilize nani?*

Marahaba, dada yangu. Kabla hujamaliza kusoma, naomba umpigie fundi simu umwambie bomba la juu ya bati asiliguse. Mengine yote tuna muda wa kuyajadili. Hilo halina muda.

Najua linavyoonekana. Mmekata kuni, mmezikausha, mama amewasha moto gizani, halafu maji yaliyopashwa kwa jasho lote hilo yanamwagika juu ya bati mbele ya macho yenu. Mtu yeyote angetamani kulifunga. Lakini bomba hilo ndilo pua na mdomo wa mfumo wenu. Mafundi huliita bomba la hewa, na kazi yake ni moja: kuhakikisha kwamba kati ya moto na anga hakuna kitu chochote kinachoweza kufungwa. Hita ya umeme ina swichi ya joto inayoikata maji yakifika kiwango. Moto wa kuni hauna swichi. Ukishawaka unaendelea kutoa joto hata kama hakuna anayelihitaji, na joto hilo lazima lipate pa kwenda.

Ngoja nieleze mfumo wenyewe unavyofanya kazi, maana ukiuelewa utaweza kumjibu fundi yeyote.

Kutoka kwenye boila kuna mabomba mawili yanayokwenda kwenye tangi la darini. Moja linatoka juu ya boila na kuingia sehemu ya juu ya tangi. La pili linatoka chini ya tangi na kurudi chini ya boila. Hakuna pampu. Maji yakipata moto hupanuka na kuwa mepesi, hivyo hupanda kwa bomba la kwanza, na maji baridi, ambayo ni mazito, hushuka kwa bomba la pili kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo unaendelea wenyewe usiku na mchana maadamu moto upo.

Sasa angalia jinsi nguvu hiyo ilivyo ndogo. Mita moja ya ujazo ya maji ya digrii 15 ina uzito wa kilo 999 hivi. Ikiwa ya digrii 60 ina kilo 983. Tofauti ni kilo 16 tu. Kama tangi lenu liko mita moja juu ya boila, nguvu yote inayosukuma maji yazunguke ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 16, yaani upana wa kidole. Ndiyo maana mabomba ya mzunguko huu huwa manene, inchi moja au zaidi, na lazima yapande mfululizo kutoka jikoni hadi darini bila kulala wala kubonyea. Sehemu moja ikishuka kidogo halafu ikapanda tena, hewa hukaa pale kama kizibo. Kila elbo unayoongeza inakula sehemu ya huo upana wa kidole. Valvu ya kuzuia maji yasirudi, ambayo mafundi wengi hupenda kuiweka kila mahali, inaweza kuumaliza wote.

Turudi kwenye bomba la juu ya bati, kwa sababu jibu la kwa nini linamwaga lipo ndani ya swali lako mwenyewe. Mmesema lilianza baada ya kuinua tangi la nje. Maji hutafuta usawa wake: yakiwa baridi, yatasimama ndani ya bomba la hewa kwenye kimo kilekile cha maji ya tangi la nje. Yakipata moto yanakuwa mepesi, kwa hiyo nguzo ya maji moto lazima isimame juu zaidi ili ilingane na nguzo ya maji baridi. Kama kutoka chini ya mfumo hadi usawa wa maji ya tangi la nje ni mita 5, maji ya digrii 60 yatasimama karibu sentimita 8 juu ya usawa huo, na ya digrii 80 karibu sentimita 14. Mlipoinua tangi, mlipandisha usawa wa maji hadi karibu na mdomo wa bomba. Tangi likijaa na moto ukikolea, zile sentimita chache zilizobaki zinaisha, yanamwagika. Tangi likipungua, yanaacha.

Dawa yake, basi, ni kulirefusha bomba la hewa. Fundi alipandishe hadi mdomo wake uwe angalau sentimita 45 juu ya usawa wa maji tangi likiwa limejaa, alifunge vizuri kwenye nguzo ili upepo usilitikise, na mdomo aukunje uangalie chini. Vipande viwili vya bomba na saa chache za kazi. Mtaacha kupoteza maji, na mfumo utabaki wazi. Kama kulirefusha haiwezekani, shusheni tangi la nje.

Nini kingetokea kama lingefungwa? Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye digrii 93 hivi, si 100. Kwa hiyo mfumo wenu uko karibu zaidi na kuchemka kuliko mfumo wa mtu wa pwani, na jioni mama akipika maharage kwa saa tatu bila mtu kuoga, kuchemka ni jambo la kawaida. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huhitaji nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Kwa bomba la hewa lililo wazi, mvuke huo unatoka juu ya bati na kelele kidogo. Kwa bomba lenye koki iliyofungwa, mvuke ungelazimika kusukuma maji yote kurudi kwa bomba la maji baridi, na siku bomba hilo limeziba kwa kutu au kuna mtu amefunga koki yake, kinachobaki ni boksi la chuma la miaka 70 lenye moto upande mmoja na mama mkwe wako upande wa pili.

Niliwahi kuitwa kwenye bweni moja la wanafunzi nyanda za juu, asubuhi ya baridi. Bomba la hewa halikuwa limezibwa pale. Kosa lilikuwa jingine, nalo nataka ulichunguze kwako pia. Bomba la maji baridi linalolisha tangi la maji moto lilikuwa limetobolewa njiani ili kulisha sinki la jikoni. Maji ya mgao yalipokatika na tangi la nje likaisha, kila aliyefungua koki ya sinki alikuwa akinyonya maji ya mfumo wa moto kwa nyuma bila kujua. Boila likakauka, moto ukiwa unawaka. Maji yaliporudi alfajiri, yakaingia kwenye chuma chekundu. Mpishi alikuwa amekwenda stoo kuchukua unga, ndiyo salama yake. Nilipofika, mlango wa jiko ulikuwa umelala ng'ambo ya chumba, na ukuta wa boila ulikuwa na ufa ningeweza kupenyeza shilingi. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwenye nyumba yoyote ni hili: bomba linalolisha tangi la maji moto lina matawi? Linatakiwa lisiwe na tawi hata moja kutoka tangi la nje hadi linapoingia. Likiwa hivyo, hata maji yakiisha, tangi la moto na boila hubaki yamejaa, kwa sababu maji moto huchotwa sehemu ya juu ya tangi na hayawezi kutoka bila maji baridi kuyasukuma.

Sasa kugonga. Mlio huo ni mapovu ya mvuke yanayozaliwa ndani ya boila na kufa papo hapo yakikutana na maji yasiyo moto sana. Maana yake maji hayaondoki kwenye boila kwa kasi inayotosha. Ukiunganisha na wekundu wa asubuhi, mimi nashuku tope la kutu limejaa chini ya boila na kwenye bomba la kurudia. Maji ya chemchemi za milimani kwa kawaida ni laini. Hayaachi ukoko mwingi wa chokaa kama maji ya visima vya Dodoma, lakini hula chuma. Kila siku mnaingiza maji mapya yenye hewa mpya, na hewa hiyo ndiyo inayotengeneza kutu. Kwa hiyo maji mekundu na kugonga vina mzizi mmoja, na kubadilisha mabomba ya bafuni yawe PPR hakutagusa hata kimoja.

Kuhusu PPR niseme wazi, kwa sababu ni bomba zuri na mimi mwenyewe nalitumia. Kutoka kwenye tangi la maji moto kwenda bafuni na jikoni, PPR ya maji moto inafaa sana, haishiki kutu na haipotezi joto haraka. Lakini kati ya boila na tangi, na kwenye bomba la hewa, haifai kabisa. Limetengenezwa kwa maji ya digrii 70 hivi kwa matumizi ya kila siku, na huvumilia hadi 95 kwa muda mfupi tu. Boila la kuni linaweza kutoa maji yanayochemka pamoja na mvuke kwa saa nzima. Bomba litalegea, litabonyea katikati, na ule mteremko tuliousema utapotea. Hapo ni shaba au chuma tu. Na wakiunga shaba na bomba la chuma lenye zinki, waepuke shaba kutangulia kwenye njia ya maji, maana chembe za shaba zikisafiri hadi kwenye zinki hulitoboa bomba mapema.

Tangi la lita 300 ndipo ninapotofautiana na fundi wako kwa hesabu, na hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe jioni hii. Chukua lita za tangi, zidisha kwa digrii ulizopandisha, gawanya kwa 860. Jibu ni uniti, zilezile za LUKU. Mfano: tangi la lita 100 likitoka digrii 15 hadi 55, ni 100 mara 40, gawanya 860, karibu uniti 4.7. Kama mama analifikisha hapo kwa saa mbili za kupika bila mtu kuchota maji, boila lenu linatoa kama kilowati 2.3, kiasi cha kawaida kwa boila dogo la jiko la kupikia. Tangi la lita 300 kwa joto lilelile linadai uniti 14, yaani saa sita za moto. Mama hapiki saa sita. Mtakuwa na lita 300 za maji ya uvuguvugu, na maji ya uvuguvugu yanayokaa tangini siku nzima ni mabaya kuliko machache yaliyo moto, kwa sababu bakteria kama wale wa Legionela hustawi kwenye joto la digrii 20 hadi 45 na hufa maji yakifika 60.

Halafu hesabuni watu. Mtu anayeoga kwa ndoo ya lita 20 kwa maji ya digrii 40 anachota lita 12 au 13 tu za maji ya digrii 55. Nyingine ni baridi. Anayeoga shawa kwa lita 30 anachota kama 19. Familia ya watu sita na wageni wanne, wote wakioga shawa, ni lita 190. Tangi la lita 200 linawatosha, na moto wa saa nne kwa siku, asubuhi na jioni, unalipasha. Kuna jambo jingine ambalo mama mkwe wako analijua hata kama hajalisema: boila hunyonya joto la oveni. Ukiongeza tangi kupita kiasi, mkate unabaki mweupe upande wa boila. Katika hilo la kulilinda jiko lake ana hoja, na ningemuuliza kabla ya kuamua lolote.

Ningeshauri tangi jipya la lita 200 la chuma kisichoshika kutu, lenye koili nene, yaani bomba lililozungushwa, ndani yake. Hapa ndipo tatizo la maji mekundu linapomalizika. Maji yanayotoka kwenye boila hayachanganyiki tena na maji ya kuoga. Yanapita ndani ya koili, yanaacha joto, yanarudi kwenye boila. Ni maji yaleyale yanazunguka mwaka hadi mwaka. Hewa iliyokuwa ndani yake ikishatumika, kutu karibu inasimama, na boila lenu la zamani linaweza kuishi miaka mingi zaidi. Mzunguko huo unahitaji tangi lake dogo la kulishia, la chuma, lenye koki ya boya, na bomba lake la hewa lililo wazi. Nasema la chuma kwa sababu siku mfumo ukichemka, maji ya moto sana yanaweza kurudi humo, na tangi la plastiki huweza kulegea kitako. Koili iwe na kipenyo kisichopungua milimita 28 na iteremke mfululizo, kwa sababu bado tunategemea ule upana wa kidole. Tangi lenye koili nyembamba iliyotengenezwa kwa ajili ya pampu ya sola halitafanya kazi hapa, hata liwe zuri kiasi gani.

Kabla ya kununua chochote, livalisheni tangi la sasa blanketi la pamba ya glasi lenye unene wa sentimita 8 au 10, pamoja na bomba linalopanda kutoka jikoni. Usiku wa Juni na Julai kwenu ni mkali, na tangi lililo uchi darini linapoteza joto tangu mama anapoenda kulala. Nimeona nyumba zilizoahirisha kununua tangi jipya kwa sababu ya blanketi tu. Angalizo moja zito: kama mabomba au jiko la zamani limepakwa kitu cheupe au kijivu kama plasta yenye nyuzinyuzi, msikikwangue wala kukikata kwa msumeno. Katika nyumba za miaka hiyo kinaweza kuwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Kiacheni kilivyo hadi mtu anayejua kazi hiyo akione.

Pampu ya presha ni sawa, lakini si mahali anapotaka kuiweka. Ikisukuma maji kuingia kwenye tangi la maji moto, maji yatapanda kwa bomba la hewa na kumwagika kama chemchemi, na hapo ndipo atakapotaka kulifunga. Kama wageni wanahitaji shawa yenye nguvu, pampu ikae baada ya tangi, kwenye bomba linalokwenda vyumbani, na iwe inayovumilia maji moto. Presha hupimwa kwa baa, na kila mita ya kimo huwapa sehemu ya kumi ya baa. Mita tatu ni baa 0.3, ambayo inaosha vizuri kwa kichwa cha shawa chenye matundu makubwa. Jaribuni kubadilisha kichwa cha shawa kwanza. Vilevile, kwenye bafu la wageni na la watoto wekeni valvu ya kuchanganya maji. Maji ya digrii 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto kwa haraka zaidi. Mgeni hajui kwamba leo mmepika makande tangu saa nane.

Mume wako ana hoja ya haki: kuni ni kazi, na miaka inakwenda. Lakini hita ya kichwa cha shawa ya kilowati 5.5, ikipokea maji ya digrii 15, inaweza kutoa lita 3 hivi kwa dakika za maji ya digrii 40. Ni maji membamba. Zikiwa mbili kwa wakati mmoja ni kilowati 11, karibu ampea 48, na sidhani waya za nyumba ya miaka ya 1950 zinaweza kubeba hilo bila kubadilishwa. Kama mnataka umeme kama akiba ya siku jiko haliwaki, wekeni hita ya kuzamisha ya kilowati 2 au 3 ndani ya tangi jipya, yenye swichi ya joto na waya wa ethi, ifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Jiko linawaka kwa ajili ya chakula kila siku. Joto linalopita nyuma yake tayari mmelilipia.

Sola inaelewana vizuri na jiko. Kiangazi chenu cha baridi, Mei hadi Oktoba, kina siku nyingi za jua. Masika mawingu yakitanda, moto ndio unaobeba. Mko nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli iangalie kaskazini, na mwinamo wa nyuzi 15 hadi 20 utapokea vizuri jua la Juni linalopita chini upande huo. Lakini "kuunga hapo hapo" si sahihi. Sola iwe na koili yake ya chini ndani ya tangi, au iwe na tangi lake dogo linalopasha maji kabla hayajaingia kwenye tangi la jiko. Mkichagua hilo la pili na kulipandisha juu ya paa, usawa wa maji unapanda tena, na bomba la hewa lazima lipimwe upya. Ni kosa lilelile la mnara. Na kwa kuwa kwenu na Makete umande huganda baadhi ya usiku, paneli bapa yenye maji matupu inaweza kupasuka. Chukueni yenye mirija ya utupu au inayotumia maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Binafsi ningesubiri mwaka mmoja nione kama wageni wanakuja ndipo ninunue.

Mpangilio wangu kwa hiyo: mwezi huu, bomba la hewa lirefushwe, bomba la kulishia likaguliwe kama lina matawi, boila na tangi vifunguliwe na kuoshwa tope moto ukiwa umezimwa tangu jana yake. Kisha blanketi. Huenda kugonga kukaisha hapo, na mkanunua tangi kwa utulivu. Kuni pia zitazame. Kila kilo ya maji iliyomo ndani ya kuni mbichi hula karibu uniti 0.7 ya joto kabla hujapata chochote. Miwati iliyopasuliwa Mei, mvua zikiisha, na kupangwa chini ya paa lenye upepo, mwaka unaofuata ni kuni nyingine kabisa.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi, na hata fundi wa bomba peke yake asiyaamue. Ukiona maji yanatiririka ndani ya moto au majivu yamelowa asubuhi, boila limetoboka. Msiwashe hadi likaguliwe na mtu anayechomelea vyombo vya presha. Moshi ukirudi chumbani, au mtu akiumwa kichwa kila jiko linapowaka, fungueni madirisha, zimeni, na bomba la moshi likaguliwe, kwa sababu hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na imeua watu usingizini. Tangi la lita 200 likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 200. Seremala au mjenzi apande darini aangalie mbao za zamani kabla halijapandishwa, na likae juu ya ukuta, si katikati ya chumba.

Na hili mwambie mama mkwe wako, yeye ndiye anayekaa na jiko na masikio yake yanalijua. Likianza kugonga, afunge tundu la hewa la moto, asiongeze kuni, na afungue koki ya maji moto bafuni. Yakitoka maji, ayaache yatiririke hadi kugonga kuishe. Yasipotoka, au ikitoka hewa na mvuke tu, asimwage maji popote, si juu ya moto wala kwenye tangi. Afunge koki ya maji baridi inayolisha tangi ili maji ya mgao yasije yakarudi ghafla, atoke nje ya jikoni na kila mtu, na jiko lipoe lenyewe hadi kesho yake asubuhi.